Aliyetafuta Asione: Ushuhuda Wake Una Thamani Gani?



Miaka michache iliyopita mbuzi wawili walipotea usiku katika kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi yangu ya ukatekista. Asubuhi wazee walikusanyika, wakaniomba niandike maneno ya shauri. Wa kwanza kuitwa alikuwa zamu aliyelinda boma. Akasema bila kusita: «Sikuona mtu. Hapakuwa na mtu wa kutoka nje.» Watu wakaanza kunong'ona. Kama hapakuwa na mtu wa kutoka nje, basi mwizi yumo ndani. Na ndani ya boma usiku ule alilala kijana mmoja tu, mpwa wa mwenye mbuzi, yatima asiye na wa kumtetea. Pale pale walianza kumhesabia deni lake.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akamwuliza zamu maneno matatu: «Mwanangu, ulikesha? Taa yako iliwaka hadi saa gani? Na pale ulipokaa, mlango wa nyuma unaonekana?» Zamu akainamisha kichwa. Kukesha, alikesha. Lakini mafuta ya taa yaliisha kabla ya jogoo wa kwanza, na mlango wa nyuma hauonekani kutoka alipokaa. Mzee akasema: «Basi, uliposema hukuona mtu, ulisema kweli. Uliposema hapakuwa na mtu, ulivuka mpaka.»

Maneno yale yamekaa moyoni mwangu. Nimeona kwamba hayahusu mbuzi tu. Kila mtu anayetafuta kitu na kurudi mikono mitupu, ana haki ya kusema nini? Na yule anayerudi akisema «nimeona», tumwamini kwa kipimo gani? Leo nataka tuyapeleke maswali hayo mbali, kwa wenye elimu ya fizika ambao kwa karibu miaka arobaini wamekesha chini ya milima, wakingoja kitu kiitwacho maada ya giza. Nimechagua kazi yao kwa sababu jibu lao kila mara ni «hatukuona». Tena yuko mmoja kati yao aliyesema «tumeona», na wenzake hawakukubali. Tukielewa namna ya kupima maneno yao, tutajua pia namna ya kupima maneno yetu barazani.

Kitu gani kinatafutwa?

Maada ni jina la kila kitu chenye uzito: jiwe, maji, hewa, mwili wa mtu, nyota. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi Marekani, alichungua mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota nyingi mno. Ule mkanda mweupe tunaouona angani usiku wa kiangazi ni galaksi yetu sisi wenyewe. Zwicky aliona kwamba galaksi za kundi lile zinakwenda mbio kupita kiasi. Uzito wa nyota zilizoonekana haukutosha kuzishika pamoja. Zingalipaswa kutawanyika zamani.

Mwaka 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walitoa vipimo vya galaksi ya jirani yetu, Andromeda. Sayari iliyo mbali na jua huenda polepole kuliko iliyo karibu, nao walitazamia kwamba mawingu ya gesi yaliyo mbali na kitovu cha Andromeda yatakwenda polepole pia. Haikuwa hivyo. Yalikwenda kwa mbio karibu sawa na yale ya ndani. Tangu siku hizo dalili nyingine zimeongezeka: namna mwanga wa galaksi za mbali unavyopindwa njiani, na ule mwanga wa kale kabisa wa ulimwengu uliopimwa na chombo Planck, kilichorushwa angani mwaka 2009. Kwa hesabu hizo, maada ya namna yetu ni kama sehemu 5 tu kwa 100 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Maada isiyoonekana ni kama sehemu 27. Sehemu zinazobaki ni jambo jingine, si neno letu la leo.

Jina la «giza» lisitudanganye. Kitu cheusi huzuia mwanga, kama ukuta. Maada hii haizuii kitu. Mwanga hupita ndani yake kama katika hewa safi. Twaijua kwa uzito wake tu. Mtu akiona mtumbwi umezama hadi ukingoni, ajua kwamba umebeba mzigo, hata kama mzigo umefunikwa kwa mkeka. Lakini hajui bado ni mzigo wa nini: samaki, chumvi, au mawe. Wenye elimu wamefika hapo. Wanataka sasa kuinua mkeka.

Wanaitafuta namna gani?

Kama maada hiyo imejaa katika galaksi yetu, basi sasa hivi sisi tunapita ndani yake. Mwaka 1985 Mark Goodman na Edward Witten walionyesha kwamba, kama ni chembe nzito za aina fulani, mara chache sana chembe moja itakigonga kiini cha atomi, na kiini kitashtuka kidogo. Kazi yaonekana rahisi: tega kitu kilicho safi, weka masikio, ungoje kishindo.

Lakini dunia imejaa vishindo vingine. Miali ya kutoka angani hutupiga kila saa. Mwamba una uraniamu kidogo, chumvi ina potasiamu, hewa ina gesi ya radoni, na hata mwili wa mtu hurusha miali kidogo. Makelele hayo yangefunika kishindo kinachotafutwa, kama ngoma ya arusi inavyofunika kilio cha mtoto. Kwa hiyo hushuka chini. Wako chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia, penye mwamba wa meta kama 1400 juu ya vichwa vyao. Wako katika mgodi wa zamani wa dhahabu uitwao Homestake, huko South Dakota, Marekani, meta kama 1500 chini. Wako Jinping, China, chini ya mwamba wa meta kama 2400. Wachimbaji wetu wa Katanga hushuka shimoni ili wapandishe kitu juu. Watu hawa hushuka ili wayakimbie makelele.

Vitu wanavyotega ni vya namna nyingi. Wengine hutega jermaniamu, madini isiyo ngeni kwetu, maana ilipatikana katika mawe ya mgodi wa Kipushi. Wengine hutega zenoni, gesi iliyopozwa hadi ikawa majimaji. Wengine hutega fuwele, yaani mawe maangavu, ya chumvi iitwayo iodidi ya sodiamu. Kisha hungoja, miaka hata miaka.

Neno la kwanza: «Tumeona»

Huko Gran Sasso kikundi kiitwacho DAMA, kilichoongozwa na Bibi Rita Bernabei, kilitega fuwele za chumvi ile: kwanza kilo kama 100, kisha, tangu mwaka 2003, kilo kama 250. Hawakujaribu kutambua kishindo kimoja kimoja. Walihesabu vishindo vyote, mwezi kwa mwezi, wakitazama kama hesabu inapanda na kushuka kwa mwaka.

Sababu yao ilikuwa nzuri. Jua letu huzunguka kitovu cha galaksi kwa mbio ya kilometa kama 220 kila sekunde, na dunia hulizunguka jua kwa kilometa 30 kila sekunde. Mwezi wa Juni mwendo wa dunia huongezeka kidogo juu ya mwendo wa jua. Mwezi wa Desemba hupunguza. Mtu apandaye baiskeli katika mvua ajua jambo hili: akiongeza mbio, matone mengi zaidi yampiga kifuani. Vivyo hivyo vishindo vya maada ya giza vingekuwa vingi kidogo mwanzoni mwa Juni, na vichache mwanzoni mwa Desemba.

Na ndivyo walivyoona. Tangu miaka ya 1990 walitangaza kwamba hesabu yao inapanda Juni na kushuka Desemba, kama wimbi. Ni wimbi dogo, lakini halikukoma. Mwaka 2018 walitoa hesabu iliyokusanya miaka 20. Wenye elimu hawa wana kipimo cha kujua kama jambo limetokea kwa bahati tu. Desturi yao ni kusema «tumegundua» kipimo kikifika 5. Wimbi la DAMA lilifika 12.9. Bahati tupu haiwezi kufanya hivyo.

Je, shauri limekwisha? Watu wa pwani husema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini tuangalie vema. Kipimo kile hujibu swali moja tu: je, wimbi hili ni la bahati? Jibu: hapana. Hakijibu swali la pili: wimbi hili limeletwa na nini? Vitu vingi hupanda na kushuka kwa mwaka: joto la hewa, unyevu, maji yaliyo ndani ya mwamba, hata miali ya angani inayopenya chini ya ardhi. Ukikuta nyayo nyingi nyuma ya nyumba, una hakika mtu amepita. Nyayo zikiwa mia, hakika hiyo yazidi. Lakini hata zikiwa elfu, wingi wake haukuambii jina la mtu.

Tena mashahidi wengine walikuwapo. Waliotega zenoni walisema kwamba kama neno la DAMA lingekuwa maada ya giza ya namna ya kawaida, wao wangaliiona mara nyingi sana, nao hawakuiona. Wa DAMA wakajibu: ninyi mmetega zenoni, sisi tumetega chumvi, pengine maada hii hugonga chumvi kwa namna nyingine. Jibu hilo lilikuwa la haki. Aliyetega ndege kwa mtama hawezi kumwita mwongo aliyewategea kwa mchwa, mpaka yeye naye ategee kwa mchwa.

Basi wengine wakafanya hivyo. Huko Korea ya Kusini kikundi cha COSINE-100 kilitega kilo 106 za chumvi ile ile, tangu mwaka 2016 hadi 2023. Huko Canfranc, katika milima ya Hispania, kikundi cha ANAIS kilitega kilo 112 na nusu tangu mwaka 2017. Kufika mwaka 2025 vikundi vyote viwili vilikuwa vimetoa hesabu za miaka kama sita. Wimbi la DAMA halikuonekana kwao. Wapo wanaosema kwamba fuwele na fuwele hazijibu sawasawa, na jambo hilo bado lapimwa. Lakini sasa anayesema ameona ndiye anayedaiwa maelezo.

Wengine walichungua namna ya kuhesabu. DAMA walikuwa wakitoa wastani wa kila mwaka katika hesabu zao, wakatazama tofauti iliyobaki. Mwaka 2020 wenye elimu wengine walionyesha kwamba, kama makelele ya kawaida yanabadilika polepole mwaka kwa mwaka, kutoa wastani hivyo kwaweza kuzaa wimbi ambalo halikuwapo. COSINE wakaijaribu njia hiyo juu ya hesabu zao wenyewe. Kumbe wimbi likatokea, lakini limepinduka: penye kupanda lilishuka. Kwa hiyo hata maelezo hayo hayatoshi kumaliza neno la DAMA. Nawasifu watu wa COSINE kwa kuliandika hilo wazi, maana lilipunguza nguvu ya lawama yao wenyewe.

Liko jaribio jingine linalonipendeza. Huko Stawell, Australia, maabara ilifunguliwa mwaka 2022 katika mgodi wa dhahabu, meta kama 1000 chini, na moja ya kazi zake ni kutega chumvi ile ile. Kwa nini wamekwenda mbali hivyo? Msomaji wa Lubumbashi ajua kwamba Juni ni mwezi wa baridi na vumbi, wakati watu wa Ulaya wanavua makoti yao. Australia nayo huwa katika baridi. Kama wimbi la DAMA limeletwa na majira ya hewa, kule litageuka. Kama limeletwa na galaksi, Juni itabaki Juni pande zote mbili za dunia. Hilo ni swali la haki, kwa sababu anayeliuliza hawezi kulipangia jibu.

Neno la pili: «Hatukuona»

Mwezi wa Agosti 2024 kikundi cha LZ, huko Homestake, kilitangaza hesabu ya siku 280. Chombo chao kina tani 10 za zenoni. Hawakuona kitu kilichozidi makelele waliyoyatazamia. Magazeti mengine huandika habari ya namna hii kwa maneno mawili: «Wameshindwa tena.» Wengine huandika: «Maada ya giza haipo.» Maneno yote mawili si kweli. Tumwite mzee wetu awaulize LZ maswali yake.

«Mlikesha?» Ndiyo, na wana ushahidi. Kabla ya kusema hawakusikia kishindo, wao wenyewe huleta makusudi nyutroni na vitu virushavyo miali, ili wajue kama chombo kinasikia. Zamu wetu angaliweza kufanya vivyo hivyo: kumwomba mwenzake apite gizani, aone kama atamwona. «Hakuna aliyepita» ya mtu asiyejipima kwanza ni neno jepesi.

«Taa yenu iliangaza hadi wapi?» Hapa lazima wakiri mpaka. Chembe nyepesi mno ikigonga kiini kizito cha zenoni, kiini hakishtuki vya kutosha kusikika. Kama maada ya giza ni chembe nyepesi hivyo, chombo chao ni kiziwi kwake. Taa yao huangaza vizuri kwa chembe zenye uzito wa makumi ya protoni. Chini ya hapo hufifia.

«Mlikaa upande gani?» Hapa kuna mambo wanayoyakubali bila kuyapima wenyewe. Wanahesabu kwamba karibu nasi kuna maada ya giza kama uzito wa protoni moja katika kila sentimeta tatu za ujazo. Wanahesabu kwamba huenda kwa mbio fulani, na kwamba hugonga viini kwa namna fulani. Mambo hayo yana sababu zake, lakini ni kama ukuta ambao zamu ameuegemea: lazima autaje.

Basi neno lao la haki ni hili: kama maada ya giza ni chembe za uzito huu, na kama iko kwa wingi huu karibu nasi, na kama hugonga kwa namna hii, basi hugonga kwa nadra kuliko kadiri hii tuliyoipima. Sentensi ni ndefu, haina utamu. Lakini haizidishi, wala haipunguzi. Na msidhani ni neno la bure. Dhana nyingi zilizoandikwa na watu wenye akili sana zimefutwa nayo. Aliyechungua kichaka kimoja kwa uangalifu, akasema «humu hamna», amewapunguzia wenzake kazi, ikiwa amekichungua kweli.

Moyo wa anayetafuta

Chombo kichafu chaweza kusafishwa. Moyo ni mgumu zaidi. Aliyengoja miaka 20 hutamani sana kuona, na anayetamani huona upesi. Tena aliyekwisha kusema mbele ya watu «hakipo», naye hutamani kisionekane. Wote wawili wana hatari moja.

Mwezi wa Desemba 2009 kikundi cha CDMS, kilichotega jermaniamu katika mgodi wa Soudan huko Minnesota, kilitangaza kwamba kimepata vishindo viwili. Viwili tu! Dunia nzima ya fizika ilikuwa imesubiri kwa hamu. Lakini wenyewe walihesabu kwamba makelele ya kawaida yaweza kutoa vishindo viwili au zaidi kwa nafasi ya 23 katika 100. Wakasema wazi: hatuwezi kuita hii alama ya maada ya giza. Ni watu waliokuwa na kitu cha kutangaza, nao wakajizuia.

Mwezi wa Juni 2020 kikundi cha XENON1T, huko Gran Sasso, kilipata vishindo 285 mahali walipotazamia 232. Waliviandika, wakaeleza maana mbalimbali zinazowezekana, na kati ya hizo wakataja moja isiyo na fahari: pengine tritiamu, aina ya haidrojeni, imeingia kidogo mno katika zenoni yao. Wakajenga chombo kikubwa na safi zaidi. Mwaka 2022 chombo hicho kilitazama tena pale pale. Ziada haikuwapo. Hawakuona haya, maana hawakuwa wamesema zaidi ya walivyojua.

Ili kuushika moyo, wamejitungia desturi mbili. Ya kwanza: huficha hesabu zao wenyewe. Huamua kwanza namna ya kupima, hufunga uamuzi, ndipo hufunua vishindo vilivyopatikana. Ya pili yanishangaza zaidi. LZ, na kabla yao LUX katika mgodi ule ule, walichanganya katika hesabu zao vishindo vya uongo, vilivyotiwa kwa siri, navyo huitwa chumvi. Wanaofanya hesabu hawajui kipi ni cha kweli na kipi ni cha chumvi. Kwa hiyo hawawezi kuvipendelea wala kuvikataa kwa tamaa. Mwisho siri hufunguliwa, chumvi hutolewa, na kinachobaki ndicho kinachosomwa. Ni watu waliojua kwamba waweza kujidanganya wenyewe, wakajiwekea mtego kabla ya kumtegea mwingine. Barazani kwetu ni wangapi wafanyao hivyo?

Je, hili si kimbilio la waongo?

Msomaji mkali ataniuliza: Katekista, unawasifu bure. Kila mara hawaoni, na kila mara husema «kipo, ila ni cha nadra zaidi». Huyo si sawa na mganga anayesema dawa haikufanya kazi kwa sababu mgonjwa hakuamini vya kutosha? Mtu wa namna hiyo hashindwi kamwe, kwa hiyo hajui kitu.

Swali hilo ni zuri, na nusu yake ni kweli. Lazima tutenganishe maneno mawili. La kwanza: kuna uzito usioonekana ulimwenguni. Neno hilo halikutoka shimoni, limetoka angani, kwa dalili nyingi zinazokubaliana. Wako wachache waliotaka kubadili kanuni ya uzito yenyewe, kama Mordehai Milgrom mwaka 1983, na haifai kuwadharau. Lakini ni vigumu kwao kueleza dalili zote pamoja, hasa ule mwanga wa kale. La pili: uzito huo ni chembe nzito za aina hii zinazogonga hivi. Neno hilo ni dhana tu. Kila «hatukuona» ya shimoni hulipunguza neno la pili, lakini haligusi la kwanza. Anayetumia nguvu ya neno la kwanza kulitetea la pili, huyo kweli amekimbilia mahali pa waongo.

Tena mpaka wa kutafuta kwa njia hii wajulikana. Jua letu hurusha chembe ziitwazo nyutrino, nazo pia hugonga viini. Mwaka 2024 PandaX-4T, huko Jinping, na XENONnT, huko Gran Sasso, walitangaza dalili za kwanza za vishindo hivyo. Vyombo vikizidi kusikia, vishindo vya nyutrino vitakuwa kama ukungu, na kutambua kishindo kingine ndani yake kutakuwa kazi ngumu mno. Kwa hiyo hawawezi kusema «zaidi kidogo, zaidi kidogo» hata milele. Wengine wamekwisha kugeukia dhana nyingine, kama chembe nyepesi sana ziitwazo aksioni, zinazohitaji mitego ya namna nyingine kabisa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo tofauti ya mtafutaji wa kweli na mkaidi. Mtafutaji wa kweli hutaja mapema jambo litakalomfanya aiache dhana yake. Mkaidi hungoja jambo litokee, ndipo atafute njia ya kulipita. Wote wawili waweza kusema maneno yale yale leo. Kesho ndiyo itakayowatenga.

Turudi kijijini

Nimewapeleka mbali, wasomaji wapenzi, lakini mambo haya ni ya kila siku. Muuguzi akipima damu ya mtoto asione malaria, aliyeelimika hasemi «mtoto hana ugonjwa». Husema «sikuona malaria katika damu hii leo», na mama akiona homa yarudi, amlete tena. Mwalimu akimkagua mwanafunzi asione kitabu kilichopotea, asimwite mwenye hila aliyekificha vizuri. Amekagua mfuko, amekuta mfuko hauna kitabu. Na mtu akisema kwa sauti kubwa, mwaka baada ya mwaka, kwamba ameona mchawi akipita, wingi wa kusema kwake usitutoshe. Tumwulize: wengine waliokesha mahali pale pale walionaje?

Kutoona ni ushuhuda, kama vile kuona. Lakini thamani yake ni ile ya kutafuta kwako: ulikesha namna gani, taa yako ilifika wapi, ulikaa upande gani. Ukizidisha, umemsingizia asiyekuwapo. Ukipunguza, umeitupa kazi yako ya usiku kucha.

Siku ile zamu alisimama tena mbele ya wazee, akayasema maneno yake upya, nami nikayaandika: «Tangu jua lilipotua hadi mafuta yalipoisha, upande wa mbele, sikuona mtu.» Wazee wakakubali kwamba kwa neno hilo hawawezi kumhukumu mtu. Mwenye mbuzi hakufurahi, maana alitaka jibu. Mbuzi wake hawakuonekana hata leo, wala mwizi hakujulikana. Kijana hakulipishwa. Alirudi bomani jioni ile, na asubuhi yake nilimkuta akiukarabati mlango wa nyuma.